Pyrgi: Kijiji Kinachoishi kwa Machozi ya Mti

Kamati nyingi za parokia hujiuliza swali moja kila zinapokaa kupanga mipango ya mwaka: tutapataje kipato cha kudumu kutokana na kitu kidogo tulicho nacho hapa hapa kijijini? Nao wahisani huuliza kwa upande wao: ni nini kinachoufanya mradi uendelee kuishi baada ya msaada kumalizika? Makala hii inaeleza habari za kijiji kimoja kidogo cha Ugiriki ambacho kimeishi kwa zao moja kwa mamia ya miaka. Zao lenyewe ni gumu kulipata, tena kila mti hutoa kidogo sana. Hata hivyo kijiji bado kipo, na zao bado linauzwa duniani.

Kijiji hicho kinaitwa Pyrgi (tamka "Pirgi"). Wakazi wake leo hawafiki elfu moja.

Kijiji kiko wapi

Pyrgi iko kusini mwa kisiwa cha Chios, katika Bahari ya Aegean, upande wa mashariki kabisa wa Ugiriki. Chios ni kisiwa cha tano kwa ukubwa nchini humo, chenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 842 na watu wapatao elfu hamsini. Kati yake na pwani ya Uturuki kuna mlango wa bahari ambao mahali pembamba una upana wa kilomita saba hivi. Usiku ukiwa mwangavu, taa za ng'ambo huonekana.

Wasomaji wa Biblia wamekwisha kukutana na kisiwa hiki, pengine bila kukitilia maanani. Matendo ya Mitume 20:15 inaeleza kwamba meli ya Mtume Paulo ilipita mbele yake katika safari ya kwenda Mileto na hatimaye Yerusalemu.

Kaskazini mwa kisiwa kuna milima ya mawe, na kilele cha Pelinaio kina urefu wa karibu mita 1,300. Kusini nchi inashuka na kuwa vilima vya chini, vyenye udongo wa chokaa na mvua chache. Mvua hunyesha wakati wa baridi, na kiangazi ni kikavu na chenye jua kali. Mtu mgeni akiitazama ardhi hiyo anaweza kusema haifai kitu, lakini ni ukavu huo huo unaowapa wenyeji riziki yao.

Kuishi mpakani kumewafundisha watu wa Chios maana ya ukimbizi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisiwa kilipokuwa chini ya Wajerumani na njaa imeingia, wengi walivuka kwa mashua hadi Uturuki. Kutoka huko walipelekwa nchi za Mashariki ya Kati, na baadhi yao wakafika hadi Kongo iliyokuwa chini ya Ubelgiji, ambako walihifadhiwa hadi vita vilipokwisha. Mwaka 2015 mambo yaligeuka: zaidi ya watu laki moja waliokimbia vita na shida katika nchi zao walitua Chios kwa mashua ndogo, wakipita katika mlango huo huo wa bahari.

Kijiji kilichojengwa kama ngome

Kutoka mji mkuu wa kisiwa hadi Pyrgi ni kilomita 25 hivi. Jina la kijiji linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mnara, na mabaki ya mnara huo bado yamesimama katikati ya nyumba.

Kuanzia mwaka 1346 hadi 1566 kisiwa kilitawaliwa na wafanyabiashara kutoka Genova, Italia. Hao waliona mapema kwamba zao la kusini lina faida kubwa, wakaviimarisha vijiji vya wakulima ili kuwakinga na maharamia, na pia kulikinga zao lisiibwe. Nyumba za pembeni zilijengwa zikiwa zimeshikana, na kuta zake za nyuma hazikuwa na madirisha. Hivyo nyumba zenyewe zikawa ukuta wa kijiji. Ndani, vichochoro ni vyembamba na vinapinda, na juu yake kuna matao ya mawe yanayounganisha nyumba moja na nyingine. Chini waliishi punda na mbuzi na kuwekwa mavuno, na familia iliishi ghorofani. Adui akiingia, watu wangeweza kupita juu ya mapaa hadi kwenye mnara.

Hata hivyo ngome hiyo haikuwa ya kumlinda mkulima peke yake. Mali yote ilikuwa ya kampuni ya watawala, na aliyekutwa na mzigo wa wizi aliadhibiwa vikali: kukatwa sikio au pua, na kwa kiasi kikubwa zaidi, kunyongwa. Mkulima alilima, lakini hakuwa na sauti juu ya bei.

Kitu kinachowashangaza wageni wanaofika Pyrgi leo ni kuta za nje za nyumba. Fundi hupiga lipu ya mchanga mweusi na chokaa, akaipaka chokaa nyeupe juu yake, kisha kabla haijakauka huchora mistari, pembetatu na duara, na kukwangua sehemu nyingine kwa uma ili weusi wa chini utokeze. Nyumba nzima huonekana kama imevishwa kanga ya rangi mbili. Kwenye roshani huning'inizwa mashada mekundu ya nyanya ndogo zilizotungwa kwa uzi. Nyanya hizo hulimwa bila kumwagiliwa maji, na zikitundikwa hivyo hutumika wakati wa baridi.

Mti unaotoa machozi

Zao lenyewe linaitwa mastiki. Ni utomvu wa mti mfupi wa kijani kibichi, wenye urefu wa mita mbili hadi tatu na shina lililopinda. Utomvu huo ukikauka huwa punje ngumu, nyeupe au za manjano hafifu, zinazofanana na ubani wetu. Ukizitafuna mwanzoni huwa chungu kidogo, kisha hulainika na kuacha harufu nzuri kinywani. Waarabu wanaijua kwa jina la mastaka, na kwa karne nyingi wamekuwa wateja wake wakubwa. Hutiwa katika vyakula na peremende, hutengenezwa ubani wa kutafuna, vinywaji, sabuni na dawa za meno. Makanisa ya Kiorthodoksi huitumia pia miongoni mwa viungo vya mafuta matakatifu ya krisma. Mwaka 2015 Shirika la Dawa la Ulaya liliitambua kuwa dawa ya asili kwa matatizo madogo ya tumbo na ya ngozi.

Miti ya jamii hiyo huota sehemu nyingi kandokando ya Bahari ya Kati. Lakini hakuna mahali pengine palipofanikiwa kulifanya kuwa zao la biashara kwa kiwango cha kusini mwa Chios. Hali ya hewa na udongo vina sehemu yake. Sehemu nyingine ni kazi ya wakulima wenyewe, ambao kwa vizazi vingi wamekuwa wakikata vipandikizi kutoka miti iliyo bora na kuvipanda.

Wazee wana simulizi yao. Wanasema kwamba Mtakatifu Isidoro, askari wa majini wa Kirumi kutoka Aleksandria, Misri, aliteswa na kuuawa Chios mwaka 251 kwa sababu ya imani yake, na miti ya kusini ikamlilia. Ndiyo maana hadi leo punje za mastiki huitwa "machozi".

Kazi ya mwaka mzima

Mti wa mastiki hauna haraka. Hupandwa kwa kipandikizi, huanza kutoa utomvu baada ya miaka mitano au sita, na hufikia nguvu yake miaka kadhaa baadaye. Ukitunzwa unaweza kuishi miaka mia. Kwa wastani mti mmoja hautoi hata robo kilo kwa mwaka. Kwa hiyo mkulima anahitaji mamia ya miti, na kila mti unahitaji mkono wake. Kazi huenda hivi:

Wakati wa baridi miti hupogolewa na mashamba hutunzwa.

Mwezi wa Juni wakulima hupalilia chini ya kila mti, wakafagia na kusawazisha ardhi mpaka iwe tambarare. Wenyeji huita eneo hilo "meza". Juu ya meza hiyo hunyunyizwa unga mweupe wa chokaa uliochekechwa vizuri. Utomvu ukidondoka juu yake haushiki uchafu, nao hukauka ukiwa safi.

Kuanzia tarehe 15 Julai, ambayo ni tarehe iliyowekwa na sheria, huanza kuchanja. Mkulima hutumia kichuma kidogo chenye ncha kali kutia mikato midogo kwenye ganda la shina na matawi. Kuchanja hurudiwa mara moja au mbili kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Mikato ikiwa mingi mno au ya kina mno, mti unaumia. Kujua kiasi ndiyo elimu yenyewe, nayo haisomwi kitabuni. Kijana hujifunza akiwa amepiga magoti pembeni ya baba, mama au bibi yake. Kazi hufanyika alfajiri, kabla jua halijawa kali.

Baada ya wiki mbili au tatu machozi huwa yamekauka, na huokotwa moja moja, makubwa kwanza, madogo baadaye. Mzunguko wa pili hufuata, na sheria inafunga msimu tarehe 15 Oktoba. Katika miezi hiyo yote watu huomba mvua isinyeshe, maana mvua moja ya kiangazi inaweza kuharibu jasho la mwaka.

Mavuno yakiingia nyumbani, huchekechwa, huoshwa kwa maji baridi na sabuni, na kuanikwa ndani ya nyumba. Kisha katika miezi ya baridi huja kazi ya kuondoa vumbi na maganda kwa ncha ya kisu, punje baada ya punje. Hii kwa desturi ni kazi ya wanawake. Hukusanyika nyumbani kwa mmoja wao, kesho kwa mwingine, wakifanya kazi na kuzungumza. Hapo hapo habari za kijiji hupita, wagonjwa hukumbukwa, na wasichana hujifunza.

Kalenda ya Kanisa na kalenda ya shamba huenda pamoja. Siku 14 za kwanza za Agosti, kuchanja kukiwa kumepamba moto, Waorthodoksi hufunga kwa heshima ya Mama wa Mungu. Tarehe 15 hufanyika sikukuu kubwa ya kijiji, na uwanja wa kati hujaa watu wakicheza ngoma, pamoja na wana wa kijiji waliorudi kutoka Athens na ng'ambo.

Katika vijiji jirani vya Mesta na Olympoi kuna desturi nyingine inayoweza kuzifurahisha kamati zetu za fedha. Siku ya Jumatatu inayofungua Kwaresima, mtu mmoja huvaa kama hakimu wa enzi za Waturuki, akaketi uwanjani na "kuwahukumu" watu kwa makosa ya mzaha: huyu amenenepa mno, yule hakucheka. Kila mwenye hatia hulipa faini papo hapo, na fedha huingia katika mfuko wa chama cha kijiji.

Mwaka 1938: wakulima waungana

Waturuki walipokitwaa kisiwa mwaka 1566 waliendelea kutoza kodi ya vijiji hivyo kwa mastiki, na kwa sababu ya zao hilo wakavipa nafuu fulani. Mwaka 1822, maelfu kwa maelfu ya watu wa Chios walipouawa au kuuzwa utumwani baada ya uasi, vijiji vya mastiki kwa sehemu kubwa viliachwa. Mwaka 1912 kisiwa kiliungana na Ugiriki.

Sasa mkulima alikuwa huru, lakini uhuru huo ulikuja na tatizo jipya. Kila mmoja aliuza peke yake kwa mfanyabiashara aliyefika mlangoni. Mwenye shida ya fedha aliuza kwanza na kwa bei yoyote, na bei yake ikawa bei ya wote. Katika miaka ya 1930, biashara ya dunia ilipoyumba, bei ilianguka vibaya, na wengine waliona hakuna maana ya kuendelea kuchanja.

Mwaka 1938 sheria ilianzisha Umoja wa Wakulima wa Mastiki wa Chios. Mpango wake unaeleweka kwa kila mwanaushirika: vijiji vina vyama vyao vya msingi, na vyama hivyo vinaunda chama kikuu. Wakulima wote wa vijiji 24 vya kusini walitakiwa kupeleka mastiki yao huko. Chama kikuu huipima, huipanga katika madaraja, huisafisha tena, huifungasha na kuiuza. Badala ya wauzaji maelfu wanaoshindana kushusha bei, mnunuzi hukutana na muuzaji mmoja. Leo umoja huo una wanachama zaidi ya 4,000.

Mambo matatu yanastahili kuangaliwa hapa. Kwanza, umoja haukuishia kuuza mali ghafi. Ulijenga kiwanda cha ubani wa kutafuna, na tangu mwaka 2002 kampuni yake imefungua maduka ya bidhaa za mastiki ndani na nje ya Ugiriki. Pili, ulilinda jina. Tangu mwaka 1997 sheria za Umoja wa Ulaya hairuhusu utomvu wa mahali pengine kuuzwa kwa jina la mastiki ya Chios. Tatu, ulithamini ujuzi. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza ujuzi wa kulima mastiki katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, na mwaka 2016 makumbusho ya mastiki yalifunguliwa karibu na Pyrgi, katikati ya mashamba yenyewe.

Wanawake nao hawakubaki nyuma. Katika miaka ya 1980 wanawake wa Pyrgi na vijiji jirani waliunda ushirika wa utalii wa vijijini. Walitengeneza vyumba katika nyumba zao za zamani na kupangisha wageni, ili wapate fedha walizozisimamia wenyewe. Nyumba ambazo zingeachwa zibomoke zikapata kazi.

Moto na uhaba wa vijana

Tusidhani kwamba Pyrgi imemaliza matatizo yake. Mwezi wa Agosti 2012 moto mkubwa uliwaka kwa siku kadhaa na kuteketeza maelfu ya hekta za kisiwa, pamoja na maelfu ya miti ya mastiki. Kwa mkulima wa mahindi, moto ni hasara ya msimu mmoja. Kwa mkulima wa mastiki ni hasara ya miaka, kwa kuwa mti mpya hauwezi kuchanjwa kabla ya mwaka wa tano. Mwaka 2025 moto uliunguza tena sehemu za kisiwa. Kiangazi kinazidi kuwa kikali, na nyasi za mashamba yaliyoachwa ndizo zinazobeba moto hadi kwenye mashamba yanayotunzwa.

Hapo ndipo tatizo la pili linapoungana na la kwanza. Kwa miaka mingi vijana wa Chios wamekwenda kufanya kazi melini, Athens, Marekani na kwingineko. Wazee wakizeeka, mashamba hukosa wa kuyapalilia. Uchumi wa Ugiriki ulipoanguka baada ya mwaka 2009 na kazi za mjini zikawa chache, baadhi ya vijana walirudi na kuchukua mashamba ya babu zao. Waliweza kurudi kwa sababu miti ilikuwa bado ipo, chama kilikuwa bado kinanunua, na kulikuwa na mzee wa kuwafundisha kuchanja. Kingekosekana kimoja kati ya hivyo vitatu, wasingekuwa na kitu cha kurudia.

Tunalojifunza

Hatuwezi kuupanda mti wa mastiki katika kila parokia. Tunachoweza kuchukua ni namna ya kufikiri. Watu wa Pyrgi walianza na kile ardhi yao ilichowapa, wakakitunza kwa ujuzi wa kurithishana, wakakubali kukisafisha vizuri, na hatimaye wakakubali kukiuza pamoja. Mti wenyewe ulikuwepo tangu zamani, na uliwatajirisha wengine kwa mamia ya miaka. Mkulima alianza kufaidi alipopata sauti katika uuzaji.

Kwa upande wa wahisani pia kuna fundisho. Mradi wa mti unaoanza kuzaa baada ya miaka mitano hauwezi kupimwa kwa taarifa ya miezi mitatu. Msaada unaofaa ni ule unaosubiri pamoja na mkulima, na unaotazama kama chama kitaweza kusimama chenyewe.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika eneo letu kuna zao au ujuzi gani wa wazee ambao wengine hawana? Nani anaujua, na nani anafundishwa?

2. Mazao yetu tunayauza kila mtu peke yake au kwa pamoja? Mwenye shida ya haraka anasaidiwaje asilazimike kuuza kwa bei ya hasara?

3. Kazi za wanawake katika kusafisha na kuandaa mazao zinahesabiwa wakati wa kugawa mapato?

4. Moto, ukame au ugonjwa wa mimea ukitokea mwaka huu, mfuko wetu utaweza kuwasaidia wakulima kusubiri hadi mavuno mengine?